Mhadhara wa Plastiki Iliyoacha Ukaidi
Uliotolewa Baray, wilayani Karatu, na mtaalamu aliyejiteua mwenyewe

Mgeni rasmi, ambaye bado yuko njiani. Wazee wa Kidatoga mliowahi kivuli. Wazee wa Kiiraqw mliowahi viti. Ndugu zetu Wahadzabe mliokuwa mnapita na pinde zenu mkasimama kwa sababu ya kipaza sauti. Akina mama wa vitunguu. Vijana wa bodaboda ambao nimewaomba mzime injini na bado nawaomba. Na wewe mtoto uliyekalia betri yangu, shuka. Itifaki imezingatiwa.

Shikamooni wazee. Marahaba nimeisikia kutoka upande wa viti tu, lakini tuendelee.

Desturi ya wasomi ni kwamba kabla ya mhadhara husimama mtu akasoma wasifu wa mhadhiri. Msomaji wa wasifu hakutokea, nami sipendi kazi ilale. Mimi ni Mhadhiri Mkuu wa Kujitegemea wa Umeme wa Nyama na Mifupa, na Mkurugenzi wa kituo cha utafiti kilichopo kati ya duka la pembejeo na mashine ya kusaga, kile ambacho baadhi yenu mmezoea kukiita kibanda cha kuchajia simu. Shahada zangu zote nimejitunuku. Mitihani niliitunga mimi, nikaifanya mimi, chini ya usimamizi mkali wa mimi. Anayeniita Fundi huko mtaani namsamehe. Mbele ya kipaza sauti naitwa Profesa.

(Makofi.)

Neno hilo nimeliandika mwenyewe kwenye nakala yangu, kama linavyoandikwa katika taarifa rasmi za Bunge. Likishaandikwa, wajibu wenu ni kulitekeleza.

Nafahamu kuna wanaonong'ona kwamba umati huu umekuja kufuata simu zake. Ni kweli simu zenu zimo kabatini kwangu, na ni kweli kabati limefungwa, na ni kweli ufunguo uko mfukoni mwangu mpaka mhadhara uishe. Vyuo vikuu vikubwa duniani vina mbinu zao za kuhakikisha mahudhurio. Mimi nina hii.

Mada ya leo ni polima zinazopitisha umeme, na namna zinavyotumika kuunganisha mashine na ubongo wa kiumbe hai. Naona mmetazamana. Polima mnaifahamu sana, hamjatambulishwa tu. Gunia jekundu la nyavu ulilokalia, Mama, ni polima. Ganda la waya linalokulinda usipigwe shoti ni polima. Ni molekuli ndefu, kipande kimeungwa na kipande kingine, na kingine, mpaka maelfu. Na sifa yake kubwa tangu ilipoingia nyumbani kwetu ni ukaidi: umeme ukija, plastiki inakataa. Ndiyo maana tunaivisha waya.

Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara, nasi tukadhani mjadala wa plastiki umefungwa. Wakati huo huo, kwenye maabara za Ulaya na Marekani, plastiki ilikuwa inaingizwa kichwani. Sisemi juu ya kichwa, mahali pa mzigo. Nasema ndani ya fuvu.

(Mshangao. Nao umo kwenye nakala.)

Sehemu ya kwanza: umeme mlionao. Kila mmoja wenu ana umeme mwilini, hata yule ambaye nguzo hazijamfikia. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha habari za miguu ya chura aliyekufa ambayo ilirukaruka ilipoguswa na metali. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa elektrodi zilizowekwa kichwani, kisha akakaa nao kimya mpaka mwaka 1929 ndipo akauchapisha. Miaka mitano! Mimi nikigundua jambo alfajiri, saa nne asubuhi Mang'ola yote inalo.

Umeme huo ni mdogo. Seli ya neva ikiwa imetulia, tofauti ya umeme kati ya ndani na nje yake ni kama milivolti 70. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Na ule unaofika juu ya ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Kwa hiyo mtu akikusifu kwamba akili yako inawaka, mshukuru, lakini usitupe tochi.

Udogo huo una dawa yake, maana vikuzaji vipo. Kizito zaidi ni hiki: umeme wa waya hubebwa na elektroni, na umeme wa mwili hubebwa na ioni. Sodiamu, potasiamu, kalisi, kloridi: chembe zenye chaji zinazoogelea katika maji ya chumvi yaliyomo ndani yetu. Elektroni haziogelei. Ioni hazipiti ndani ya shaba. Zinakutana mpakani, waya unapogusa nyama, na mpakani hapo ndipo penye kesi.

Msaidizi, leta bakuli. Sogeeni, ila msinizibie mwanga. Maji haya nimeyatia chumvi iliyookotwa ukingoni mwa Ziwa Eyasi. Hizi ni betri nne za tochi nilizozifunga mfululizo kwa mpira wa baiskeli, jumla volti 6. Nyaya mbili za shaba, ncha nimezimenya. Natumbukiza. Tazameni waya wa upande hasi: mapovu madogo yanatoka mfululizo, yanapanda, yanapasuka juu. Hiyo ni haidrojeni, maji yamevunjwa. Sasa hamieni upande chanya. Ule wekundu wa shaba umefifia, ncha imevaa utando wa kijani, na wingu la rangi hiyo linashuka taratibu kwenye sakafu ya bakuli. Shaba inauacha waya inaingia majini. Nauchomoa: ncha imekonda, ina matundu, ukiipangusa inaacha unga kidoleni. Msilambe.

Sasa mahali pa bakuli wekeni ubongo wa mtoto wa mtu.

(Kimya. Sikukiandika hiki, lakini nakipokea.)

Ndiyo maana vifaa vya kukaa mwilini havitumii shaba. Vingi vinatumia platinamu, na umeme wake hutolewa kwa mapigo mafupi sana, kiasi kilichosukumwa kinarudishwa papo hapo, maji yasipate nafasi ya kuvunjika. Wala msidhani ni habari za ng'ambo tu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wasiosikia. Kifaa kile kina uzi mwembamba wenye elektrodi za platinamu, kwa kawaida kati ya 12 na 22, unaoingizwa katika sehemu ya ndani ya sikio iliyojisokota, ili zichokoze neva ya kusikia moja kwa moja. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa India. Na pale jirani, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inaweka betri za moyo, ambazo ncha ya waya wake inagusa nyama ya moyo wenyewe. Watanzania wenzenu wanatembea mitaani na mpaka huo wa waya na nyama vifuani mwao, na wanapanda daladala kama mtu mwingine.

Mzee wangu mhunzi ananyoosha fimbo. Anasema: kama platinamu imeweza, basi kazi imekwisha, tupe simu twende. Kaa, Mzee, nakuomba. Platinamu ni metali bora, lakini ni metali. Na katika Bonde lote hili la Eyasi hakuna anayejua habari za metali kuingia katika nyama kukushinda wewe, unayefua misumari ikawa vyembe vya mishale, vyembe ambavyo hawa ndugu zetu Wahadzabe huvichukua kwa asali na nyama. Niambie: chembe kikibaki ndani ya mnyama aliyekimbia akapona, huwa nini?

Mzee anajibu kwamba nyama hukizunguka, inakuwa ngumu pale, na mnyama anaishi nacho bila kukijali.

Mzee, umemaliza nusu ya mhadhara wangu bila posho. Hivyo hivyo ndivyo inavyotokea kichwani. Ubongo ni laini kupita kiasi. Ugumu wake hupimwa kwa kilopaskali chache, wakati ule wa silikoni, ambayo sindano nyingi za kusikiliza seli za ubongo hutengenezwa kwayo, ni zaidi ya gigapaskali 100. Tofauti inapita mara milioni kumi. Ukivuta pumzi, moyo ukipiga, ubongo unacheza kidogo ndani ya fuvu. Sindano haichezi. Inakwaruza, siku baada ya siku. Mwili hauna ugomvi wa kelele. Unatuma seli za ulinzi, zinakizungushia kile kigumu kovu, na seli za neva zilizokuwa jirani zinapungua. Baada ya miezi au miaka, sindano ipo, waya upo, betri ipo, habari hakuna.

Kwa hiyo wataalamu, nikiwamo, tulihitaji kitu chenye tabia tatu kwa pamoja: kipitishe elektroni kama metali, kipokee ioni kama nyama, na kilainike. Hapo ndipo plastiki ilipoombwa iache ukaidi.

Sehemu ya pili: namna ilivyoacha. Mwaka 1862, London, Henry Letheby alipitisha umeme katika anilini iliyotiwa asidi, akapata kitu cha buluu kilichogandia kwenye elektrodi. Alikuwa na polima inayopitisha umeme mkononi, na dunia ikapitisha zaidi ya miaka 100 bila kumuuliza. Najua uchungu huo.

Mwaka 1967, Tokyo, katika maabara aliyofanyia kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni alikuwa anatengeneza polima iitwayo poliasetilini. Kichocheo kikatiwa mara 1,000 ya kipimo. Badala ya unga mweusi uliozoeleka, juu ya mchanganyiko ukatanda utando unaong'aa kama fedha. Mwingine angeosha chombo akaanza upya. Shirakawa akautunza. Miaka michache baadaye Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alifika Tokyo, akauona utando ule, akamwalika Shirakawa Marekani. Huko, mwaka 1976, wao na mwanafizikia Alan Heeger wakaupitishia mvuke wa bromini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni kumi. Wakachapisha mwaka 1977. Mwaka 2000 wote watatu wakapewa Nobeli ya Kemia.

Naona fundi pikipiki mmoja pale anatikisa kichwa. Anauliza: mtu akizidisha dawa mara elfu nzima, anapewa zawadi? Kijana, zawadi ilikwenda kwa walioangalia kilichotokea baada ya dawa kuzidi. Wewe ukizidisha oili, angalia moshi una rangi gani, uandike, kisha tuzungumze habari za Stockholm.

Siri ya utando ule ni mpangilio wa vifungo. Katika plastiki ya gunia, kila atomu ya kaboni imeshikana na mwenzake kwa kifungo kimoja, elektroni zote zina kazi, hakuna ya kuzurura. Katika poliasetilini, vifungo vinapishana kwenye uti wa molekuli: kimoja, viwili, kimoja, viwili, mpaka mwisho. Bado hapo umeme haujaenda kokote. Ukileta bromini au ayodini, inanyakua elektroni chache, nafasi zinabaki wazi, na zile zilizobaki zinapata pa kusogea. Ndiyo siri yote. Anayetaka kunakili anakili sasa, sirudii bure.

Poliasetilini ilikuwa na ila moja: hewa huiharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaleta polima nyingine, PEDOT, yenye uvumilivu zaidi. Ikachanganywa na polima ya pili yenye chaji hasi, PSS, ikawa kimiminika cha buluu iliyokolea ambacho unaweza kukipaka kama rangi. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida kabisa: ilipakwa kwenye filamu za kamera ili zisikusanye umeme tuli. Kila aliyepigwa picha ya harusi miaka ile hakujua kwamba dawa ya kuzuia cheche kwenye filamu siku moja itapakwa kwenye elektrodi za ubongo.

Na inafanya nini huko? Metali hupokea chaji kwenye uso wake tu. PEDOT hufungua mwili mzima: ioni zinaingia pamoja na maji, zinakaa ndani, zinatoka zikihitajika. Nyinyi wa vitunguu mtanielewa upesi kuliko maprofesa wenzangu. Metali ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni likashonwa. PEDOT ni lumbesa. Ila lumbesa hii haimwibii mkulima. Imepimwa: sentimita moja ya ujazo inabeba kama faradi 39. Makofi hapa ni ya lazima, maana kapasita nyingi ninazobadilisha kwenye redio zenu hupimwa kwa sehemu za milioni za faradi.

(Makofi ya lazima.)

Kwa hiyo elektrodi ndogo ikipakwa PEDOT, kizuizi cha umeme pale mpakani hushuka mara kumi na mara nyingine zaidi, na sauti ndogo ya seli moja inasikika juu ya kelele. Ikilowa hulainika, na kuna jeli zake zilizotengenezwa zikaukaribia ulaini wa nyama. Mwaka 2015 watafiti wa New York, Dion Khodagholy na wenzake, walitengeneza karatasi ya elektrodi za PEDOT yenye unene wa maikromita 4 tu, wakati unywele wa binadamu kwa kawaida unapita 50. Waliilaza juu ya ubongo, ikajilaza kufuata mikunjo yake, ikasikia seli mojamoja bila kuchoma tundu hata moja. Na hawakuishia kwa panya; waliijaribu pia kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wanafanyiwa upasuaji.

Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, kikaenda mbali zaidi. Wakasema: kwa nini tuingize kifaa, wakati tunaweza kuingiza malighafi? Wakadunga jeli yenye vipande vidogo vya polima na vimeng'enya ndani ya samaki wadogo aina ya zebra. Sukari iliyomo mwilini mwa samaki yenyewe ikakichochea kimeng'enya, vipande vikaungana, polima inayopitisha umeme ikakua palepale kwenye ubongo. Samaki wakaendelea kuogelea.

Maadui zangu, ambao hawajajitokeza lakini haiwezekani wasiwepo, watasema kwamba PEDOT ikilowa huvimba, na ikivimba huweza kubanduka kwenye metali iliyopakwa. Ni kweli. Watasema kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi bado iko maabara, kwa panya na samaki, na kwamba kifaa cha kukaa kichwani miaka 30 ni habari nyingine. Ni kweli pia. Naomba maadui wasome kwa bidii hivyo hivyo, wananipunguzia kazi.

Naona usingizi umeingia upande wa magunia. Basi nawaambia hili. Watu hao hao wa Linköping, mwaka huo huo wa 2023, walichukua sifongo ya selulosi, wakaichanganya na PEDOT, wakachomeka ndani yake miche ya shayiri iliyokuwa inakuzwa kwenye maji bila udongo, wakaipa mizizi umeme mdogo sana. Ndani ya siku 15 miche ile ilikua kwa asilimia 50 zaidi ya mingine.

Ahaa! Nani aliyesimama? Nani huyo anayetaka namba ya muuzaji? Dakika zote nimehubiri habari za ubongo, hakuna aliyefumbua jicho. Nimetaja mche, hata mgunga umeegemea kusikiliza. Kaeni. Ni shayiri. Vitunguu sikuvisema. Na msichomeke betri za pampu kwenye majaruba ya Qang'dend. Umeme ule ulikuwa mdogo kuliko njaa yenu ya mavuno, na atakayekutwa na waya ndani ya mfereji nitakana kumfahamu.

Maswali. Machache, ya kitaalamu, yaanze na neno Profesa.

Mama wa gunia jekundu anauliza, na nanukuu kwa sababu ya kumbukumbu: Fundi, hiyo karatasi ya kichwani uliyosema waliiweka kwa wenye kifafa, mtoto wa ndugu yangu anaanguka, aliwahi kuangukia moto, ataipata wapi?

Swali zuri, ingawa limekosea cheo. Mama, karatasi ile haitibu. Inakusudiwa kusaidia kuonyesha ni upande gani wa ubongo unaoanzisha dhoruba ya umeme, ili daktari wa upasuaji ajue pa kukata. Hiyo ni kwa wale ambao vidonge vimeshindwa. Na huyo mtoto amekunywa vidonge gani?

Mama anasema hajawahi kunywa. Alipelekwa kwa mganga.

Basi tuteremke kidogo kutoka New York, tuishie hapo ng'ambo ya ziwa. Wilayani Mbulu kuna Hospitali ya Haydom, ya Kilutheri, iliyoanza kazi mwaka 1955. Watafiti waliofanya kazi pale waliwapiga picha za vichwa wagonjwa wa kifafa, na kwa baadhi yao wakakuta ndani ya ubongo alama za viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Sikilizeni mzunguko wake, maana wengi wanaukosea. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi, unapata tegu tumboni. Tegu huyo anatoa mayai, yanatoka na choo. Choo kikiwa porini, nguruwe anakula, mzunguko unaendelea. Lakini mayai hayo yakifika kwenye maji, mboga au mikono, akayameza binadamu, hata ambaye hajawahi kula nguruwe maishani mwake, viluwiluwi vinaweza kuhamia kwenye ubongo. Kifafa kina sababu nyingine pia: homa kali za utotoni, kuumia kichwa, uzazi uliokuwa mgumu. Pepo halikuonekana kwenye picha yoyote.

Na vipo vidonge. Fenobabitoni ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na wagonjwa wengi wa kifafa wakipata dawa inayowafaa wakainywa kila siku bila kukatisha, kuanguka hupungua au hukoma. Akianguka, mlaze ubavu, msogeze mbali na moto, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Na povu lake haliambukizi. Narudia kwa kipaza sauti mpaka wa bodaboda wasikie: povu haliambukizi. Mtu anayeungua motoni huku watu wanaogopa kuguswa na mate yake ameunguzwa na watu wazima wenye akili timamu.

(Hapa niliandika Makofi. Yafutwe.)

Mama anauliza tena. Anasema: kama hilo ulikuwa unalijua, kwa nini limekuja mwisho, baada ya samaki? Mama, mhadhara una mpangilio wake. Jambo kubwa hutangulia.

Mzee mhunzi anataka neno la mwisho. Anasema: sindano ikiwa ngumu, mwili unaizungushia kovu, inakaa humo humo bila kusikia kitu. Anasema: na sisi mgeni wa maneno magumu tunamkaribisha, tunamwekea kiti, tunaitikia, tunamngoja amalize. Kisha amecheka, na wazee wa pande zote mbili wamecheka naye.

Nakushukuru sana, Mzee. Mmesikia jinsi mhadhara wangu ulivyoeleweka. Nimepewa kiti!

Sasa maazimio ya mkutano. La kwanza: kwamba mhadhiri atambulike kuwa mamlaka ya juu ya umeme wa nyama kuanzia hapa mpaka Karatu mjini. Wanaoafiki? Nimehesabu mikono, na ule wa mtoto nimeuhesabu pia. La pili: kwamba metali yoyote itakayoingia mwilini mwa mkazi wa Baray iwe imepakwa polima laini. Wanaoafiki? Mzee ananiuliza kama hilo linahusu na vyembe vya mishale. Haliwahusu swala, Mzee.

La tatu limeletwa na Mama bila kupitia kwangu. Kwamba mtoto yule apelekwe kituo cha afya, na bodaboda mmoja wa hapa ajitolee kumbeba pamoja na mama yake bure. Kwamba kaya zenye nguruwe ziwafungie, na zisizo na choo zichimbe. Kwamba nyama iive. Na kwamba yeyote atakayeonekana anamkimbia mtu aliyeanguka asiuziwe kitunguu hapa Baray. Wanaoafiki?

Limepita. Limepita kwa kelele kuliko mawili yangu ya kwanza kwa pamoja, na vijana wawili wa bodaboda wanagombea safari. Katika kumbukumbu za mkutano nimeliandika kama pendekezo la mhadhiri.